Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu ukikaribia, maswali hurudi yale yale: kwenye vijiwe, kwenye daladala, hata kwa wazazi ambao binti zao wameanza kurudi nyumbani na vumbi miguuni. Haya hapa pamoja na majibu yake. Mengine ni marefu kwa sababu swali lenyewe lina mengi ndani, mengine yanamalizwa na mstari mmoja.

Ligi hii ilianza lini?

Msimu wa kwanza ulikuwa wa 2016/17. Shirikisho la mpira nchini, TFF, lilianza na timu 12 zilizogawanywa makundi mawili, kisha zilizofanya vizuri zikakutana hatua ya mwisho kumtafuta bingwa. Mtindo huo wa makundi ulichaguliwa kwa sababu ya nauli. Timu ya Mwanza ikija Dar es Salaam inakata zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na hiyo ni kwenda tu. Baadaye ligi ikahamia mfumo wa kawaida wa nyumbani na ugenini, ambako kila timu hukutana na mwenzake mara mbili.

Kabla ya hapo wanawake walikuwa hawachezi?

Walikuwa wanacheza, tena sana. Dar es Salaam ilikuwa na timu zake, Mburahati Queens ikiwa mojawapo, na mikoa kadhaa ilikuwa na ligi ndogondogo za kuungaunga. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walifuzu fainali za Afrika za 2010 zilizofanyika Afrika Kusini wakati nchi haina ligi ya taifa ya wanawake. Fikiria hilo kidogo. Wachezaji waliokusanywa kutoka timu za mitaani na za majeshi, wakiongozwa na watu kama Sophia Mwasikili na Mwanahamisi Omari "Gaucho", walifika mahali ambapo Taifa Stars wa wakati ule walikuwa wanapatazama kwenye televisheni.

Kilichokosekana kilikuwa mechi za kutosha. Mchezaji wa timu ya taifa aliweza kukaa miezi bila mchezo mmoja wa maana, kisha anaitwa kambini na kutakiwa akimbie dakika 90 mbele ya Nigeria.

Mabingwa wamekuwa akina nani?

2016/17 ni Mlandizi Queens ya mkoa wa Pwani. 2017/18 na 2018/19 ni JKT Queens. Simba Queens wakachukua mara tatu mfululizo: 2019/20, 2020/21 na 2021/22. JKT wakalirudisha kombe 2022/23, Simba wakalinyakua 2023/24, na 2024/25 likarudi tena kwa JKT.

Misimu tisa ya kwanza, mabingwa watatu. Na huyo wa kwanza, Mlandizi, baadaye alishuka daraja.

Kwa nini ni JKT na Simba tu?

Jibu rahisi ni fedha, lakini si kamili, maana fedha za timu hizi mbili hazifanani.

JKT Queens ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Silaha yao kubwa ni utulivu. Mchezaji akipata nafasi pale ana mahali pa kulala, ana chakula, ana uwanja wa mazoezi, na akibahatika anapata ajira ambayo haimwishi siku goti likikataa. Kwa msichana wa miaka 19 kutoka kijijini, hilo lina uzito kuliko fedha za usajili zinazoliwa mara moja. Ndiyo maana kikosi cha JKT hakibomoki kila dirisha la usajili. Wanacheza pamoja miaka, wanajuana kwa harufu.

Simba Queens wanapita njia nyingine: jina, mashabiki, na uwezo wa kusajili hata nje ya mipaka. Klabu ya Msimbazi ikimtaka mchezaji wa timu ya mkoani, mazungumzo huwa mafupi.

Timu nyingine zinaishi kwa namna tatu hivi. Kuna za shule na akademi, kama Alliance Girls ya Mwanza na Fountain Gate Princess. Kuna za klabu za wanaume zenye mkoba wa kati. Halafu kuna zile za mtu mmoja mwenye mapenzi na mpira, au za wilaya: Ceasiaa Queens ya Iringa, Bunda Queens ya Mara. Kundi hili la tatu ndilo linalonifanya niandike. Hulea mchezaji kwa miaka mitatu, anang'aa msimu mmoja, anachukuliwa, na timu inaanza upya. Mwenye timu akiugua au biashara yake ikiyumba, timu nayo inaugua.

Na Yanga Princess je?

Tangu wapande daraja hadi msimu wa 2024/25 hawakuwahi kuchukua ubingwa. Wana wachezaji, wana jezi inayouzika, wana mashabiki wa Jangwani ambao siku ya dabi dhidi ya Simba Queens hujaa kama vile ni ya wanaume. Kilichowaponza mara nyingi ni kubadilisha benchi la ufundi na nusu ya kikosi kila msimu. Mtani akisoma hapa atacheka. Acheke tu.

Msimu unakuwa na timu ngapi, na timu inapandaje?

Idadi imebadilika. Kulikuwa na misimu ya timu 12, kisha zikapunguzwa hadi 10, ambapo kila timu hucheza mechi 18 na ligi nzima inakuwa na mechi 90. Chini yake kuna Ligi Daraja la Kwanza ya Wanawake, na chini zaidi ligi za mikoa. Timu hupanda kwa kufanya vizuri daraja la kwanza, na za mkiani ligi kuu huteremka kuchukua nafasi zao.

Mechi 18 kwa mwaka ni chache. Mchezaji asiyeitwa timu ya taifa, na ambaye klabu yake haiendi mashindano ya nje, anamaliza mwaka akiwa amecheza mechi za ushindani ambazo mwenzake wa kiume anazimaliza msimu ukiwa umepita nusu tu.

Mbona matokeo huwa makubwa mno? Saba bila, tisa bila?

Swali hili huulizwa kwa kebehi, lakini linastahili jibu la heshima.

Kwanza, ni kweli. Wafungaji bora wa ligi hii wamewahi kupita mabao 30 katika msimu mmoja, hesabu ambayo kwa wanaume wa Tanzania Bara ni ndoto. Sehemu yake ni ubora wa washambuliaji. Sehemu nyingine ni golikipa wa timu ya mkiani ambaye hajawahi kuwa na kocha wa makipa, na mabeki waliosafiri kwa basi usiku kucha, wakashuka asubuhi, wakala chai na chapati, na saa kumi jioni wako uwanjani.

Tazama dakika ambazo mabao hayo huingia. Mara nyingi timu ndogo hushikilia vizuri kipindi cha kwanza, mbili bila au hata moja bila, kisha dakika ya 60 miguu inakwisha na milango inafunguka. Ninavyoona mimi, hapo tatizo ni lishe, mapumziko na mazoezi ya mara nne kwa wiki badala ya mara mbili. Kipaji wanacho, na ndiyo maana timu kubwa huja kuwachukua wachezaji kutoka timu hizo hizo zilizofungwa tisa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema ligi ikue kwa kumleta nyota mwingine wa kigeni Dar es Salaam, huwa nashangaa. Juu kumeshaiva. Panapohitaji maji ni katikati na chini: nauli ya timu za mikoani, daktari mmoja wa kudumu kwa kila timu, na fedha za udhamini na matangazo zinazofika kabla msimu haujaanza.

Nani anaidhamini?

Kwa misimu kadhaa ligi ilibeba jina la Serengeti Lite, kinywaji cha Kampuni ya Bia ya Serengeti, na watu wengi bado wanaiita hivyo kwa mazoea. Mechi zimekuwa zikirushwa na Azam TV. Matangazo hayo yamefanya kazi ambayo fedha peke yake zisingeweza: mzazi wa Singida anamwona mwanaye akicheza Chamazi, na jirani aliyekuwa anasema "mpira si wa watoto wa kike" anaanza kuuliza mechi ijayo ni lini.

Bingwa anakwenda wapi?

Anakwenda mashindano ya klabu ya CECAFA, baraza la mpira la Afrika Mashariki na Kati, yanayotoa mwakilishi wa ukanda wetu katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Michuano hiyo ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilianza 2021 nchini Misri. Hatua ya mwisho ina timu nane tu, kwa hiyo bingwa wa Tanzania hafuzu moja kwa moja kama ilivyo kwa wanaume. Lazima kwanza awe bingwa wa Afrika Mashariki na Kati.

Hapa ndipo ligi yetu inapopata haki ya kutamba kidogo. Katika mashindano matano ya kwanza ya CECAFA, Tanzania imeshinda matatu. Mwaka 2021 Vihiga Queens ya Kenya ilichukua. Mwaka 2022 Simba Queens wakashinda hapa hapa Dar es Salaam kwa kuwafunga SHE Corporates ya Uganda 1-0 kwenye fainali. Mwaka 2023 JKT Queens wakawashinda CBE ya Ethiopia kwa penalti. CBE wakajibu 2024, kisha JKT wakalichukua tena Nairobi mwaka 2025 mbele ya Rayon Sports ya Rwanda.

Simba Queens ndio waliofika mbali zaidi Afrika. Nchini Morocco mwaka 2022 waliwafunga Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia, wakatinga nusu fainali, hatua ambayo klabu ya ukanda wa CECAFA ilikuwa haijawahi kufika. Mamelodi Sundowns waliwatoa kwa bao moja, kisha wakapoteza mechi ya mshindi wa tatu kwa Bayelsa Queens ya Nigeria. JKT, katika safari zao mbili za 2023 na 2025, hawakuvuka makundi.

Ni kweli klabu za wanaume zinalazimishwa kuwa na timu ya wanawake?

Ndiyo. Kanuni za leseni za klabu za CAF zinaitaka klabu inayoshiriki mashindano yake ya wanaume iwe na timu ya wanawake. Ndiyo sababu uliona majina mapya yakichipuka haraka kuliko uyoga.

Sharti hilo limesaidia, ila lina kasoro yake. Kuna klabu inayolea timu ya wanawake, na kuna inayoitunza kama bima ya gari: ya kumwonyesha trafiki. Utaitambua ya pili kwa jezi. Timu ya wanaume ina jezi mpya ya msimu, ya wanawake inavaa ya mwaka juzi yenye jina la mdhamini aliyekwishaondoka.

Ligi imeisaidia kweli Twiga Stars?

Tusidanganyane: Twiga walikuwa wanashinda kabla ligi haijawa na mizizi. Walifuzu 2010 kama nilivyosema, na ubingwa wa CECAFA wa 2016, waliouchukua Jinja kwa kuifunga Kenya 2-1, ulikuja miezi michache kabla ya mechi ya kwanza ya ligi. Anayesema kila kitu kimeletwa na ligi anawadhulumu dada zetu wa zamani.

Kilichobadilika ni kina cha kikosi. Mwaka 2010 Tanzania ilipoteza mechi zote tatu za makundi. Ilichukua miaka 13 kufuzu tena: Desemba 2023 Togo ilitolewa kwa jumla ya mabao 3-2, baada ya ushindi wa 3-0 nyumbani kutosha kuhimili kipigo cha 2-0 Lomé. Fainali zenyewe, zilizochezwa Morocco Julai 2025, zilileta pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia yake ya michuano hiyo, sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi. Kisha Ghana wakatufunga nne, tukakumbuka bado kuna kazi.

Katikati ya hapo kuna ubingwa wa COSAFA, mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika, wa 2021, tulikoalikwa kama wageni na kuondoka na kombe baada ya kuifunga Malawi 1-0. Na kuna Serengeti Girls, wasichana chini ya miaka 17 wa kocha Bakari Shime, waliokwenda Kombe la Dunia India 2022. Walifungwa na Japan mabao manne mechi ya kwanza, watu wakazima televisheni. Waliobaki waliwaona wakiifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada na kuingia robo fainali, ambako Colombia iliwasimamisha. Hakuna timu nyingine ya Tanzania, ya kiume wala ya kike, iliyokuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote.

Wachezaji wetu wanauzika nje?

Wanauzika. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga, naye wa Yanga Princess, alipitia Hispania kabla ya Al-Nassr ya Saudi Arabia. Julietha Singano wa Simba Queens alikwenda FC Juárez ya Mexico. Opa Clement alicheza Uturuki, Besiktas.

Swali la kuuliza baada ya hapo ni hili: timu ya mtaani iliyomwokota mchezaji akiwa na miaka 13 ilipata nini? Mara nyingi hata karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kupita hapo haipo. Viongozi wa timu ndogo, sajilini watoto wenu rasmi, kila msimu, kwa majina ya vyeti vya kuzaliwa. Bila rekodi hiyo, siku ya kudai fidia ya malezi hamtakuwa na cha kushika mkononi.

Wachezaji wa ligi hii wanalipwa?

Inategemea timu. Wapo wenye mishahara inayoendesha familia, wapo wenye posho ya mechi, na wapo wanaocheza kwa chakula, malazi na matumaini.

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Ahadi ya mdomo kwenye gari la kiongozi haimo. Kabla ya kusaini, dada yangu, soma tarehe ya mwisho wa mkataba, soma kinachotokea ukiumia, na ondoka na nakala yako. Aliye chini ya miaka 18 asifungwe kwa zaidi ya miaka mitatu.

Mchezaji akipata ujauzito anafukuzwa?

Hairuhusiwi. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara wake, na klabu haiwezi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba. Akirudi, klabu inatakiwa imrudishe kazini na kumpatia huduma za kitabibu. Wachezaji wengi hawalijui hili, na huaga kimya kimya wakidhani safari imeisha.

Wageni wanaruhusiwa?

Ndiyo, na wameongeza ladha. Wakenya Jentrix Shikangwa na Corazone Aquino waliovaa jezi ya Simba Queens ni mfano ambao hata shabiki wa Yanga ataukubali, japo kwa shingo upande.

Zanzibar imo?

Hapana, ligi hii ni ya Bara. Zanzibar ina ligi yake, na klabu zake kama New Generation na Warriors Queens zimeshashiriki mashindano ya CECAFA zenyewe. Twiga Stars, hata hivyo, ni ya Muungano.

Binti yangu ana miaka 12 na haachi mpira. Nimpeleke wapi?

Anza na shule. UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari ndiko macho ya makocha yanakoangalia, na shule haimwachi nyuma kimasomo. Shule zenye programu ya mpira zimethibitisha kwamba inawezekana: mwaka 2023 wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walikuwa mabingwa wa Afrika kwa shule, Durban, Afrika Kusini.

Akikaribishwa kwenye kituo, nenda mwenyewe ukakione. Uliza wanalala wapi, matroni ni nani, nani ana ufunguo wa mabweni, na kama kuna mwanamke kwenye benchi la ufundi. Kiongozi anayekasirikia maswali hayo amekwisha kukujibu.

Kwa nini kila timu ni Queens, Princess au Girls?

Mazoea tu. Klabu ya wanaume ikianzisha timu ya wanawake inabandika neno la Kiingereza nyuma ya jina lake na kwenda zake. Mimi binafsi hunichosha: mkishindwa kabisa kubuni, timu ya taifa iliitwa Twiga, na hakuna aliyewahi kuuliza ni ya wanaume au ya wanawake.